Picha Mbili Zilizolaliana

Mwezi uliopita nilikuwa Masasi, sokoni, natafuta kitasa cha mlango, nikajikuta nimesimama mbele ya meza ya kijana anayeuza redio mbovu na pasi za mkaa. Katikati ya vyuma vile kulikuwa na mfuko wa kamera, ule wa ngozi ngumu wenye kifungo cha kubonyeza mbele. Nikaufungua, nikaingiza pua. Kijana akacheka. "Mama, hayo siyo maandazi." Nikamwambia anyamaze, na nilimkaripia kweli, maana machozi yalishanijia na sikutaka ayaone. Harufu ilikuwa ile ile: ngozi, jasho la shingo ya mtu, na ule ukali wa dawa ya picha unaokukaa kooni. Kitasa nilikisahau kabisa.

Nyinyi wa rika langu hamhitaji kuelezwa. Watoto wetu wanapiga picha hata ya chai kabla ya kuinywa. Sisi mkanda ulikuwa na picha thelathini na sita, na huoni kitu mpaka mkanda umesafishwa. Unapiga, unangoja, unamwomba Mungu usiwe umeungua.

Baba yangu alikuwa mpiga picha Newala, chumba chake kilikuwa mbele ya nyumba yetu, karibu na stendi ya mabasi. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yaliyozoea rafu tupu yamejaa ghafla sabuni za kila rangi na redio kaseti, na vijana waliokwenda Dar wanarudi na vikamera vya plastiki vya picha za rangi. Baba aliviita vibiriti. Yeye alikuwa na kamera ya Kijerumani, chuma kitupu, lenzi yake inafungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa. Aliachiwa na fundi mmoja Mzungu aliyekuwa anarudi kwao, pamoja na mfuko wake, stendi ya miguu mitatu, na lenzi ndefu ya kuvutia vitu vya mbali. Ile lenzi ilikuwa na urefu wa mkono wangu kuanzia kiwiko. Jioni baba aliifuta kwa kipande cha flana, mama akipita anasema, "Ifunike vizuri, isije ikashikwa na mafua."

Lakini kamera yenyewe ilikuwa imechoka. Meno ya ndani ya kuvutia mkanda yalikuwa yamelika, kwa hiyo ukivuta mara moja mkanda unasogea nusu tu, na picha mpya inaangukia juu ya ile iliyotangulia. Baba aliita kulaliana. Bwana harusi mmoja wa Kitangari alipewa picha yake akiwa na mbuzi wa mtu mwingine begani, alizira mwaka mzima. Toka hapo baba akajifunza kuvuta mara mbili, taratibu, kidole gumba kikikandamiza pembeni. Na hakuvuta mpaka awe tayari kupiga, eti springi ipumzike. Mambo hayo aliyajua yeye. Mimi nilijua kwamba kamera inavutwa, basi.

Mdogo wangu Hamisi aliishi miezi saba. Mama alimsumbua sana baba ampige picha. "Watoto wa watu unawapiga kila siku, wako unamwangalia tu." Siku moja baba akamkalisha mama mbele ya pazia, Hamisi mapajani, akampiga picha moja. Moja tu! Mtoto alikuwa ameinyoosha ngumi yake pembeni, anataka kushika kitu ambacho hakikuwepo. Halafu mkanda ukabaki ndani ya kamera, kwa sababu dawa ya kusafishia ilikuwa imebaki pakiti moja, na ukishaichanganya haikai. Na maji ya Newala mnayajua. Wanawake wanayateka bondeni, wanapanda nayo kichwani, na mkanda mmoja unakunywa ndoo nzima. Baba hakusafisha mkanda ambao haujaisha, hata angeombwa na nani.

Wiki mbili baadaye Hamisi akashikwa na homa. Walimkimbiza hospitali ya Ndanda, akafariki njiani kabla hawajafika, wakarudi naye amefunikwa khanga. Nilimgusa shavu kabla hajatolewa nje. Lilikuwa baridi kama mtungi. Mjomba Bakari, kaka yake mama, ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea. Kwetu mjomba ndiye mwenye watoto, na Mjomba Bakari alitupenda kwa kelele, kwa matani, kwa korosho za kuchoma mfukoni.

Baba aliiweka kamera kabatini siku arobaini, hakuigusa. Mama alikuwa anaamka asubuhi, kabla hata ya kuwasha moto, anauliza, "Mkanda umeisha?" Baba anajibu, "Bado." Nyumba yetu ilikuwa na maneno hayo mawili tu. Mama alianza kusema kwamba sura ya mtoto inamtoka. Anakumbuka nywele, anakumbuka uzito wake mkononi, ila sura inamponyoka. Alisema hivyo huku anatwanga, na alitwanga kwa nguvu mpaka unga ukawa unaruka nje ya kinu.

Ndipo jando la mwaka ule likafika mwisho, wavulana wakawa wanatoka, na baba akaitwa kupiga picha. Mama akamfungia chakula mwenyewe. "Nenda kaumalize," akamwambia.

Hapa lazima niseme habari ya lipiko. Siku wavulana wanapotoka jandoni, lipiko huja kucheza, amejifunga nguo mwili mzima, ana uso wa mti wenye nywele na meno. Sisi watoto na wanawake tuliambiwa yule si mtu. Ni mfu, ametoka ardhini. Mwanamke hatakiwi kujua zaidi ya hapo, wala mtoto. Mama mwenyewe aliniambia, "Ni mfu, mwanangu, usimsogelee," na lipiko akija upande wetu mama alipiga kelele na kukimbia pamoja na wenzake, khanga mkononi. Niliamini kama ninavyoamini jua.

Siku ile baba alisimamisha stendi pembeni ya uwanja, akafunga lenzi ndefu, akaniambia, "Sharifa, kaa hapa, mtu asiiguse." Akaenda kuwapanga wavulana. Mtoto wa miaka minane unamwambia hivyo! Baba alikuwa hajafika hata katikati ya uwanja, jicho langu limeshafika kwenye tundu.

Niliizungusha kamera polepole. Watu, ngoma, vichwa. Halafu nikavuka watu, nikafika kwenye mikorosho ya nyuma, mbali, mahali ambapo kwa macho ungeona kivuli tu. Lenzi ikakileta mpaka puani. Nikaona nguo za lipiko. Nikaona uso wa lipiko, lakini haukuwa mahali pake, ulikuwa umeshikwa mkononi kama mtu anavyoshika kofia. Na juu ya zile nguo kulikuwa na kichwa cha Mjomba Bakari, kinakunywa maji kwenye bakuli.

Nikavuta. Mara moja, kwa haraka. Nikabonyeza. Mpaka leo sijui vizuri kwa nini. Nadhani ni kwa sababu nyumbani kwetu kitu kikubwa kilipigwa picha, na hicho kilikuwa kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuona.

Najua mnavyowaza. Mtu mzima angesema, kumbe lipiko ni Bakari. Mimi nilikuwa mtoto, nikalichukua kwa upande wangu: kumbe Mjomba Bakari ni mfu. Tena nilijua na siku aliyokufa. Alishuka kaburini na Hamisi, tukasimama pale juu tunangoja, na yule aliyepanda kutoka mle shimoni hakuwa yeye. Tulikuwa tumekula naye sahani moja siku arobaini nzima.

Siku mbili zilizofuata sikulala vizuri wala sikula. Mjomba akija, napotea. Akinyoosha mkono wenye korosho, naruka nyuma ya mama. Mama akanikamata sikio. "Mjomba wako humwamkii, una nini wewe?" Nikasema shikamoo nikiwa mlangoni, mguu mmoja nje. Akajibu "Marahaba," akanitazama sana, akacheka kidogo. Nikaona meno yake, nikakimbia.

Siku ya tatu, maji ya kusafishia mkanda ndiyo kwanza yamefika, jua limeshapanda, nilikuwa uani nachambua mchele. Nikawaona wanakuja wazee watatu wa jando, mbele yao Mzee Lipande mwenyewe, na nyuma yao Mjomba Bakari, kichwa chini. Sikungoja. Niliingia kwenye stoo ya baba alimosafishia picha, nikajipenyeza chini ya meza, nyuma ya kitenge kilichoning'inia mpaka sakafuni. Akilini mwangu, mfu hawezi kupenya kwenye harufu ya dawa ile. Ukuta ulikuwa wa udongo, na wazee walikaa upande wa pili, nikasikia kila neno.

"Baba Sharifa," Mzee Lipande alisema baada ya shikamoo na marahaba, "lile jicho lako refu lilitutazama kule nyuma. Kijana wetu mlinzi aliliona linang'aa."

"Sikupiga kule, mzee. Naapa."

"Hatukuiti mwongo. Ulete huo mkanda. Tunaufungua hapa juani, uungue, tuondoke salama."

Nilisikia baba anaingia ndani kuchukua kamera. Nilisikia anarudi. Kukawa kimya, na mimi nilikijua kile kimya: alikuwa anatazama ile namba ya juu ya kamera inayohesabu picha. Baba alizijua picha zake kama mtu anavyojua kuku wake, na sasa namba ilikuwa imezidi moja.

"Kuna moja siijui," akasema taratibu. Hakunitaja. Bila shaka alishajua ni mkono wa nani.

"Basi fungua."

Nikasikia kitu kinaanguka, na sauti ya mama. Sijui alitokea wapi. Alikuwa amedondosha ungo. "Wazee wangu," akasema, na nikajua kwa sauti kwamba amepiga magoti, "mambo yenu ya kiume mimi siyajui wala siyataki. Mwanangu yumo humo ndani. Hamisi yumo humo. Sina picha yake nyingine. Mkiufungua, mnamzika mara ya pili, na safari hii sitabaki na kitu."

"Mama Sharifa, mtoto tunamlilia wote," Mzee Lipande akasema. "Lakini kikitoka hicho nje, siri tumewaapisha wavulana wale bure, na sisi na baba zetu tumekuwa watu wa kuchekwa. Nipe kamera, bwana."

Chini ya meza niliuma kitenge. Nilikuwa nimemuua Hamisi kwa kidole kimoja. Nilitaka kutoka nikaseme ni mimi, lakini sikutoka. Niliogopa wazee, na yule mfu aliyekaa nao niliogopa kuliko wazee.

Ndipo akasema yeye, Mjomba. "Mzee Lipande, kama kuna mtu kwenye ile picha, ni mimi. Mimi nimepita jandoni, shemeji naye amepita. Tuingie wawili tuusafishe. Kilichokuwa changu nitakitoa kwa mkono wangu, nikilete hapa tukichome mbele yenu."

Wazee walinong'ona kwa Kimakonde, muda mrefu. Mwishoni Mzee Lipande akasema, "Kisibaki hata ukucha."

Mlango ukafunguliwa, wakaingia, ukafungwa. Baba akaziba nyufa kwa blanketi. Giza lile si giza la usiku, maana usiku unaona mkono wako. Nilisikia kamera inafunguliwa, mkanda unachakarisha, baba anauingiza kwenye kopo lake la dawa kwa kupapasa. Goti la Mjomba lilikuwa karibu na uso wangu. Nilijua kwa sababu kitenge kilikuwa kinasogea. Baba akaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, akitikisa kopo, na dawa ikawa inanichoma koo. Nilibana kikohozi mpaka masikio yakalia.

Alihesabu, akamwaga, akatia nyingine, akahesabu tena. Halafu akawasha tochi, akauvuta mkanda nje, unachuruzika maji. Nilichungulia pembeni ya kitenge.

"Eh," baba akasema.

"Nini?"

"Zimelaliana, shemeji. Yako na ya mtoto."

Niliuona kwa chini, mwanga wa tochi ukipita. Mnakumbuka mkanda uliosafishwa unavyokuwa: mweusi anakuwa mweupe. Nilimwona Hamisi, mdogo kama kucha, mweupe, na pembeni yake, sehemu yao moja ikiwa juu ya nyingine, Mjomba Bakari naye mweupe pepe, macho mawili ya chumvi. Wote wawili wafu, wako pamoja. Mkojo ulinitoka, sioni aibu kusema.

"Hii nusu ya huku, mikorosho na ule uso mkononi, inakatika bila shida," baba akaeleza. "Lakini kichwa chako kimekaa pale ilipo ngumi ya mtoto. Nikikata kichwa chako, naondoka na mkono wake na nusu ya uso."

"Kata mahali pasipomgusa."

"Na wewe utabaki."

Nilisikia Mjomba anavuta kamasi. Halafu akasema, "Dawa yenu hii ikiwa mbichi, inakwanguka?"

"Inakwanguka. Lakini ukikwangua hapo, kwenye picha patatoka jeusi tii."

"Na patoke. Nipe wembe."

Baba alikata ile nusu kwa mkasi, akaiweka pembeni. Halafu akaulaza mkanda juu ya kipande cha kioo, akashika tochi, na Mjomba akainama. Nilisikia wembe unakwaruza, kidogo kidogo, kama panya. Alikuwa anajikwangua mwenyewe. Alianza na macho. Baba hakupumua. "Taratibu," alisema, "hapo kuna vidole. Zunguka vidole. Shemeji, zunguka." Na Mjomba alivizunguka, kimoja kimoja, vidole vinne vya mtoto vidogo kuliko chembe ya mtama, jasho linamdondoka mezani. Mara moja wembe ulitaka kuteleza, baba akasema "Allah!" na mimi nikafumba macho. Nilipofumbua bado walikuwa wanakwangua.

Alipomaliza wembe ulimponyoka, ukaanguka chini. Akainama kuutafuta. Mkono wake ukapapasa sakafu, ukapita kwenye unyevu wangu, ukafika kwenye mguu wangu, ukaushika.

Ulikuwa wa moto. Jamani, ulikuwa wa moto! Mkono wa mtu mzima, una jasho, una mapigo ndani yake. Nilikuwa nimeshamgusa mfu, nilijua walivyo. Kitenge kikasogea, tukatazamana, mimi na yeye, mtoto wa kike ambaye hakutakiwa kuona hata robo ya yale. Macho yake yalikuwa mekundu ya kulia. Alikuwa na haki ya kunitoa kwa sikio mpaka kwa wazee.

"Shemeji," akasema akiinuka, "stoo yako ina panya."

"Nawajua," baba akajibu.

Wakatoka. Nilisikia kile kipande kinachomwa, kinavyochacharika, nikasikia Mzee Lipande anataka kuuona mkanda, anaugeuza juani mbele na nyuma. "Hapa pamekwanguliwa nini?" "Mimi," Mjomba akajibu. Mzee akamrudishia baba mkanda. Wakaaga, wakaenda zao. Baba hakunipiga. Aliniletea ndoo ya maji yaliyobaki na gauni kavu, akasema lenzi ndefu haitatoka tena kabatini, na kweli haikutoka.

Picha ilichapishwa wiki ile. Mama aliitazama, akaenda nayo chumbani, akajifungia. Ilipowekwa fremu ikatundikwa sebuleni: mama, Hamisi mapajani, ngumi yake imenyooshwa, vidole vyote vinne safi, vimeshika doa kubwa jeusi lisilo na umbo. Baba akiulizwa alisema mkanda uliungua. Mjomba Bakari akija alikaa kiti kilichoipa picha mgongo. Hakucheza lipiko tena, na mama hakumwuliza kwa nini. Mimi nilikua, nikajua mengi, nikayanyamazia kama wenzangu.

Nilikuwa nimeshaolewa siku aliyokuja mgeni, mama mmoja wa Lukuledi aliyesoma na mama. Tulikuwa wote sebuleni, baba, mimi, Mjomba Bakari na kikombe chake cha chai. Mgeni akazunguka anatazama kuta, akafika kwenye picha. "Maskini, mtoto mzuri. Na hili doa jeusi ni nini tena, Mama Sharifa? Limeiharibu."

Baba akafungua mdomo. Mama akamtangulia, bila kuinua macho kwenye mboga aliyokuwa anachambua.

"Halijaiharibu," akasema. "Huyo ni kaka yangu, amemshika mtoto mkono."